Leza kwa alama nyekundu za kuzaliwa: ni tiba gani?

Leza ni mwanga wa rangi moja unaounguza vimishipa vya damu vilivyotanuka ndani ya ngozi, huku ngozi yenyewe ikiachwa salama. Mashine inayotumika zaidi hutoa mwanga wa njano wenye urefu wa wimbi wa nanomita 595. Hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, huufyonza na kupata moto. Ukuta wa kimishipa huharibika na mwili hukiondoa polepole. Kila pigo la mwanga huisha kabla joto halijasambaa pembeni. Bila ufupi huo mtoto angebaki na kovu. Watafiti Anderson na Parrish wa Marekani ndio walioeleza kanuni hii mwaka 1983.

Lakini kabla ya kuulizia leza, ulizia alama yenyewe ni ipi. Inayolengwa hasa ni baka bapa, jekundu au la zambarau, ambalo mtoto huzaliwa nalo na hukua pamoja naye. Hilo halifutiki lenyewe. Miaka ikienda hukolea, hata kunenepa. Hemangioma, uvimbe wa vimishipa vya damu, ni jambo jingine: huchomoza wiki za mwanzo, huvimba haraka kwa miezi kadhaa, kisha hunywea yenyewe taratibu. Ikitishia jicho au pumzi, siku hizi huanzwa na propranololi, dawa ya moyo ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza mwaka 2008 kuwa huisinyaza. Leza huachiwa wekundu unaosalia.

Siku ya tiba macho ya mtoto hufunikwa, na ngozi hupulizwa ubaridi mara tu kabla ya kila pigo. Huuma kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Baadaye hutokea madoa meusi-zambarau yanayokaa wiki moja au mbili; yanatisha, ila yanatarajiwa. Hurudiwa mara nyingi, kwa nafasi ya wiki kadhaa. Madaktari wengi hupenda kuanza uchangani, ngozi ikiwa bado nyembamba na baka dogo. Matokeo ya kawaida ni kufifia. Kutoweka kabisa ni nadra, na rangi huweza kurudi kiasi. Kwenye ngozi nyeusi melanini, ile inayoipa ngozi weusi, nayo hufyonza mwanga, kwa hiyo nguvu hupunguzwa na sehemu ndogo hujaribiwa kwanza.

Baka bapa likiwa kwenye paji la uso au kope ya juu, mtoto apimwe presha ya macho na achunguzwe ubongo, kwani huenda ana ugonjwa wa Sturge-Weber, wenye kuleta glakoma (presha ya jicho inayoharibu uoni) na degedege. Huo leza ya ngozi haiugusi.