Sayansi huria si ripoti ya kusomwa bure tu

Kwenye vikao vya wadau wa uvuvi na kilimo hapa Tanga kuna kauli imeshazoeleka: "Sayansi huria sisi tulishaianza, ripoti zetu zote ziko mtandaoni, mtu anasoma bure." Anayeisema ana nia njema, na kuweka ripoti mtandaoni ni jambo la maana. Lakini akishatosheka hapo, kazi yenyewe inabaki haijaguswa.

Kwa kifupi, sayansi huria ni utaratibu wa kufanya utafiti ambamo makala, takwimu, mbinu na programu za kompyuta zinapatikana kwa kila mtu na zinaruhusiwa kutumika tena, na wananchi wasio watafiti nao wanashirikishwa. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria, na humo serikali zimetakiwa kutunga sera, kujenga miundombinu, kufundisha watu na kubadili namna watafiti wanavyopimwa.

Sasa hili la "bure". Makala huria ni sehemu moja tu ya sayansi huria, na hata zenyewe hazikukusudiwa kusomwa tu. Tamko la Budapest la Februari 2002, lililoeleza makala huria ni nini, lilitaka msomaji aweze kupakua, kunakili, kusambaza, kuchapa na kutumia makala kwa kazi yoyote halali, mradi mwandishi atajwe ipasavyo na kazi yake isipotoshwe. Ruhusa hiyo ndiyo kiini. Ripoti isiyosema msomaji anaruhusiwa kufanya nini inamwacha akihofia haki za mwenye kazi, hata kama hakulipa senti kuisoma.

Chukulia daftari la samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa Deep Sea hapa Tanga. Karani anaandika chombo, ngalawa au mashua; zana, mshipi, dema au nyavu; aina ya samaki; kiasi. Takwimu zikajumlishwa, ripoti ikachapwa, ikapigwa muhuri, ikaskaniwa na kupandishwa mtandaoni. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha pweza wa msimu huu na wa misimu iliyopita anaifungua, anakuta jedwali ni picha. Hawezi kulichuja wala kulijumlisha, inambidi aandike upya tarakimu moja moja. Akifika kwenye dagaa anakuta "ndoo 14". Ndoo ya lita 10 au ya 20? Dagaa wabichi au wakavu? Aliyejua ni karani, na karani kahamishwa. Hesabu hiyo imesomwa bure kabisa na haina kazi tena kwa mtu yeyote.

Kumlaumu karani si haki. Kuamua kwamba takwimu zitatunzwa kwa muundo unaosomeka na kompyuta, pamoja na maelezo ya kila safu, ni kazi ya taifa, na taifa ndilo linalopaswa kuigharamia. Mradi ukiisha, fedha za seva nazo huisha, na takwimu zinapotea zikiwa kwenye kompyuta ndogo ya mtu. Tunahitaji hifadhi ya kitaifa yenye wataalamu wa kudumu wanaolipwa mshahara. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Kwa maoni yangu kibali ndipo mahali pa kumuuliza mtafiti takwimu zake zitawekwa wapi na kwa ruhusa gani. Na chuo kinachompandisha cheo mhadhiri kwa makala peke yake kisishangae akiificha takwimu aliyohangaika nayo miaka.

Wapo pia wanaoogopa kwamba huria maana yake ni kumwaga kila kitu hadharani. Pendekezo la UNESCO lenyewe linaruhusu kuzuia, kwa sababu zinazoeleweka: faragha, usalama, maarifa ya siri ya jamii, viumbe walio hatarini kutoweka. Silikanti, samaki adimu wa kale ambaye wavuvi wa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, wamewahi kumnasa kwenye nyavu za jarife, anaweza kutafitiwa kwa uwazi bila kutangaza mahali hasa yalipo mapango anamokaa. Vivyo hivyo watoto wa Bagamoyo na Korogwe walioshiriki majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika: matokeo ni ya wote, ila jina la mtoto na kijiji chake vinalindwa, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikaoni, ripoti iliyoskaniwa na kupandishwa mtandaoni tuiite ripoti iliyochapishwa. Ikiambatana na jedwali linalofunguka, maelezo ya ile ndoo na mstari mmoja wa ruhusa, hapo utasema sayansi huria na nitaitikia.