Kutanguliza watu kazini: maana yake kwetu tuliolelewa na kampuni

Siku hizi, ukipita mbele ya kampuni nyingi hapa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, utasoma langoni kwamba watu ndio mali ya kwanza. Siku moja nilipita mbele ya bango la namna hiyo pamoja na jirani yangu wa Katuba, papa mmoja, yaani mzee, aliyeshuka mgodini miaka ishirini na minne. Alisimama, akalisoma polepole, kisha akauliza: "Banapana posho?"

Yaani, wanagawa unga? Nilicheka. Baadaye niliona kwamba kwa neno moja alikuwa ametoa maana ya dhana nzima kama wengi wetu tunavyoielewa. Kwa mtoto wa kampi, yaani mtaa wa wafanyakazi uliojengwa na kampuni, kazi inayojali watu ni kazi inayolisha. Maana hiyo si ya uongo, ila imekatika katikati.

Tuanze na neno lenyewe. Utamaduni wa kazi si sheria za ndani zilizobandikwa mlangoni pa ofisi. Ni yale ambayo mgeni anayajua baada ya wiki mbili bila kufundishwa na mtu: saa ya kufika ni ipi kweli, nani akikosea husamehewa na nani hukatwa mshahara, habari gani haisemwi mbele ya mukubwa, na mama mwenye mtoto mgonjwa humwomba nani ruhusa ili asitukanwe. Kutanguliza watu ni kuyapanga hayo yote kwa namna kwamba, siku mwili wa mtu au heshima yake inapogongana na uzalishaji, uzalishaji ndio unaongoja. Neno "kutanguliza" lenyewe linadai kitu kibaki nyuma. Mkurugenzi akikuambia anatanguliza watu, muulize ni kitu gani alikiacha nyuma mwezi uliopita. Akikosa cha kutaja, bango lake ni rangi tu.

Sasa turudi kwenye posho, maana hapa Katanga huwezi kuiruka. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilichukua watu kwa mikataba mifupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili hesabu: ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikamruhusu mfanyakazi aje na mke, ikajenga kampi, shule na hospitali. Posho ilipimwa kwa kuangalia mtu ana mke na watoto wangapi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipochukua nafasi yake, baada ya serikali kutaifisha mali ya Union Minière mwaka 1967, iliendelea na mtindo uleule. Ndipo watu walipozoea kusema kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Hawakuwa wanatania. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akacheza mpira kwenye uwanja wa kampuni, na akikua aliandikwa kazi kwenye kampuni.

Lakini hebu tuangalie Desemba 1941. Bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi wa Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, karani aliyesimama kuwasemea, alipigwa risasi, na askari wakafyatulia umati. Makumi ya watu walikufa. Hospitali ilikuwapo, shule ilikuwapo, posho ilikuwapo. Kitu kimoja tu hakikuwapo: mahali pa mfanyakazi kusema "hii haitoshi" na arudi nyumbani jioni.

Hilo ndilo pengo kati ya kulea watu na kuwatanguliza. Baba anakupa anachoona kinakufaa, naye ndiye mwenye kuamua. Na baba akifilisika? Mwaka 2003, Gécamines ikiwa imeanguka na mishahara haijalipwa miezi na miezi, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Familia zilipoteza mshahara, matibabu na shule ya watoto kwa pamoja, kwa kuwa vyote vilikuwa vimening'inia kwenye msumari mmoja. Kwa hiyo, mimi ninaposikia tajiri wa leo akisema "hapa sisi ni familia", masikio yangu husimama. (Tena kwetu familia ni jambo zito. Mpwa wa tajiri akiharibu mashine, nani atamsema?)

Basi nusu iliyokatika ni ipi? Ni sauti. Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda kwa sababu ulimshangaza mwenyewe aliyeufanya. Katika miaka ya 1990, Amy Edmondson, ambaye leo ni profesa wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika hospitali. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri pamoja ziwe na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume: timu nzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba zaidi, alielewa kwamba hazikuwa zinakosea zaidi. Zilikuwa zinasema. Kwenye timu nyingine, muuguzi aliyekosea kipimo alinyamaza, naye mkuu wake akaamini mambo ni shwari. Mwaka 1999 Edmondson alichapisha maelezo ya kitu alichokiona. Kwa Kiswahili naweza kukiita usalama wa kusema: ile hali ya mtu kujua kwamba akileta swali, kosa au habari mbaya, hatadhalilishwa wala kuadhibiwa kwa kuileta.

Mfano mwingine unatoka kwa watu wa madini kama sisi. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya alumini ya Marekani, mwaka 1987, wawekezaji walitaka kusikia faida. Yeye aliwaambia kwamba shabaha yake ni mfanyakazi asiumie. Aliwapa wafanyakazi namba yake ya simu wampigie ikiwa wakubwa wao hawawasikilizi. Mwaka 1996 alimwachisha kazi mmoja wa wakubwa wake baada ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Meksiko kuugua kwa gesi na habari hiyo kutopelekwa makao makuu. Kilichomkera ni ule ukimya. O'Neill alipomaliza muda wake faida ilikuwa imepanda mara kadhaa, lakini mimi nakumbuka zaidi ile namba ya simu.

Nami nina ya kwangu, na si ya kujisifu. Miaka iliyopita nilishika vitabu vya hesabu kwa tajiri mmoja mwenye malori ya kwenda na kurudi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Ukipata kilio anakuja mwenyewe na bahasha, anakaa nawe hadi usiku. Lakini pale garaji palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika: kifaa kikivunjika, anakatwa mshahara yule aliyekigusa mwisho. Kijana mmoja wa garaji aliona ufa kwenye springi ya lori. Alikuwa amelala chini ya lile lori siku mbili mfululizo, kwa hiyo mkono wa mwisho ulikuwa wake. Akanyamaza. Lori lililala ubavu barabarani likitoka mpakani na unga, dereva akavunjika mguu. Tajiri alilipa hospitali yote, akapeleka machungwa, akalia. Jumatatu akatukusanya, akauliza kwa hasira: "Nani alijua?" Hakuna mkono ulioinuka. Na wangu haukuinuka, ingawa yule kijana alikuwa ameniambia Alhamisi, tukila bukari, ugali wetu.

Tajiri yule alijali watu, ila desturi yake iliwafunga midomo. Ndiyo maana dhana hii haiishi moyoni mwa mukubwa. Inaishi katika mambo madogo yenye kuchosha: nani analipa kosa, mshahara unatoka tarehe gani, nani anaamua zamu.

Mama mmoja ninayemfahamu, mwenye tanuri ya mikate na wafanyakazi sita, hajawahi kusoma habari za Edmondson. Umeme unapokatika usiku, mikate haiivi, na wateja wa alfajiri wanakwenda kwa jirani. Zamani alipanga zamu mwenyewe na kila mkate uliopotea ulikuwa ugomvi. Siku moja, kwa kuchoka, aliwaachia wafanyakazi daftari la zamu. Wao ndio wanaojua umeme unarudi saa ngapi mtaani kwao, nani anakaa karibu na anaweza kuja kwa miguu saa nane ya usiku, nani ana mtoto anayenyonya. Walipanga upya, na mikate inayopotea ikapungua. Siku ya malipo ni tarehe 30 hata kama yeye mwenyewe amekopa ili alipe. Avansi, yaani mshahara wa kutangulizwa, inatolewa hadi theluthi ya mshahara, kwa kila mtu, bila kupiga magoti. Kila Jumatatu wanakaa dakika kumi, naye huanza na kosa lake mwenyewe la wiki iliyopita. Aliniambia mwezi wa kwanza alisema peke yake, wengine wanaangalia sakafu.

Na mvivu? Anaachishwa, kwa maandishi na kwa sababu inayojulikana. Kumvumilia mtu anayewabebesha wenzake kazi yake ni kuwatanguliza watu wasio sahihi.

Kuna swali jingine ambalo hapa kwetu ni la moto: watu gani? Kwenye migodi ya kisasa, mtu aliyeandikwa na kampuni na mtu aliyeletwa na sutretansi, yaani kampuni ndogo iliyopewa sehemu ya kazi kwa mkataba, wanaweza kushika sepetu ileile, vumbi lilelile. Mmoja ana hospitali na mwingine ana mkataba wa miezi mitatu. Kampuni ikihesabu ajali za walioandikwa tu, takwimu zake zitapendeza. Wafagiaji, walinzi wa usiku na wapishi wa kantini nao huachwa nje ya hesabu. Ukitaka kupima kampuni haraka, usimwendee mkurugenzi. Muulize mlinzi wa lango jina la mukubwa, kisha mukubwa jina la mlinzi.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya Oktoba 2002, imeweka sakafu: saa 45 kwa wiki, wiki 14 za uzazi, siku nne za kazi ukifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, na haki ya kuwa na wajumbe wa wafanyakazi. Wapo wanaojisifu kutanguliza watu kwa kuwa wametimiza hayo. Hiyo ni kulipa deni, hakuna zawadi hapo. Ila kwa kuwa wengi hawalipi hata hilo deni, sitamcheka anayelipa.

Juzi nilimrudia yule papa jirani na maswali yangu. Nilimuuliza, wakati ule wa mgodi, ukiona dari ya shimo inatoa mlio mbaya, ulikuwa unamwambia nani?

"Kapita." Yaani msimamizi wa kikosi chao.

"Na kapita alimwambia nani?"

Aliangalia kikombe chake cha chai, akakizungusha.

"Kapita alikuwa na batoto saba."