Ndoa ya agano ni nini?

Ndoa ya agano ni ndoa ya kisheria ambayo wanaoifunga wanakubali wenyewe, tangu siku ya kwanza, kwamba kuachana kwao kutakuwa kugumu kuliko kwa wanandoa wengine. Ipo katika majimbo matatu tu ya Marekani: Louisiana ilianza mwaka 1997, Arizona ikafuata 1998, kisha Arkansas 2001.

Chimbuko lake ni California. Mwaka 1969 Gavana Ronald Reagan alisaini sheria iliyoruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake, na majimbo mengine yakaiga. Waliosikitishwa na hali hiyo ndio walioleta ndoa ya agano. Huko Louisiana, muswada uliletwa na mbunge wa jimbo Tony Perkins, akisaidiwa na mwanasheria Katherine Spaht.

Hailazimishwi. Wachumba wanaokwenda kuchukua leseni ya ndoa Louisiana huchagua: ya kawaida au ya agano. Wakichagua ya agano, lazima kwanza wakae na mchungaji, padri, rabi au mshauri wa ndoa, awaeleze uzito wa wanachokiingia na sababu chache zinazoruhusu talaka. Mshauri huyo anathibitisha kwa maandishi kwamba amewashauri. Nao wanasaini tamko kwamba ndoa ni ya maisha, na kwamba ikitetereka watafanya kila linalowezekana kuiokoa, pamoja na kurudi kwa mshauri. Waliokwisha kuoana nao wanaweza kubadili. Gavana Mike Huckabee wa Arkansas na mkewe Janet walifanya hivyo hadharani tarehe 14 Februari 2005.

Ugumu uko kwenye kutoka. Katika ndoa ya kawaida ya Louisiana, kutengana siku 180 kunatosha kupata talaka, au 365 mkiwa na watoto wadogo. Kwa agano ni miaka miwili ya kutengana, la sivyo uthibitishe uzinzi, kutelekezwa mwaka mzima, hukumu ya kosa kubwa la jinai, au kwamba mwenzako amekupiga au kukudhulumu kingono, wewe au mtoto. Arizona imelegeza zaidi: wote wawili wakikubaliana, inatosha.

Msomaji wa Tanzania ataona mambo anayoyajua. Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inawapeleka wanandoa kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, na ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama. Tofauti ni kwamba hiyo inatubana wote, wakati agano ni kamba ya kujifunga mwenyewe.

Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Binti wa miaka 22 anayesaini akiwa amejaa mapenzi hajui atakachokutana nacho akiwa na 30. Kipigo cha usiku, mlango umefungwa, shahidi wake ni nani? Louisiana imemwondolea aliyepigwa sharti la kurudi kwa mshauri, na ni vyema, lakini mzigo wa ushahidi bado uko mabegani mwake.

Wanaoichagua ni wachache sana, hata Louisiana kwenyewe. Jina la ndoa hiyo lilivuma tena Oktoba 2023, pale Mike Johnson, mwanasiasa wa Louisiana aliyefunga ndoa ya agano mwaka 1999, alipochaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Na kufuli lenyewe lina mwanya: wanandoa wakihamia jimbo lisilo na sheria hiyo, mahakama ya huko kwa kawaida huwapa talaka kwa sheria zake.