Waziri na korosho za Kusini: yanayosemwa na yalivyo

Minada ya korosho ikianza Oktoba, vijiweni Mtwara na Lindi jina la Waziri wa Kilimo halikauki midomoni. Bei ikipanda, waziri kafanya kazi. Ikishuka, waziri katutupa. Nawaelewa wanaosema hivyo, maana ada ya shule na bati za nyumba vyote vinasubiri korosho. Ila tukimdai yasiyo yake, yaliyo yake kweli yanapita bila kuulizwa.

"Waziri ndiye anayepanga bei."

Hapana. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinaingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo ukitunzwa kwa stakabadhi mpaka uuzwe. Kwenye korosho mfumo huo ulianza 2007. Kisha wanunuzi wanashindana mnadani, siku hizi kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei zikisomwa, wakulima waliohudhuria wanaulizwa: tunauza, hatuuzi? Wakikataa, mzigo unabaki ghalani.

Wengi wanaleta mfano wa 2018. Wakulima walikataa bei za mnadani, Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Hiyo ilikuwa amri ya Rais. Mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, waliondolewa Novemba hiyohiyo. Msimu ule haufai kuwa kipimo cha uwezo wa waziri.

"Waziri akija ziara, kaja na fedha."

Afisa masuuli wa wizara, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha zake, ni Katibu Mkuu, na fedha hutoka kwenye mafungu yaliyopitishwa na Bunge. Barabara ya kijijini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; zahanati ni ya halmashauri. Zote ziko upande wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ahadi ya jukwaani isiyo na fungu kwenye bajeti itabaki kuwa ahadi.

"Tukipata waziri wa kwetu, tumepona."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu Kusini tumeshaonja kuwa si kweli. Korosho ghafi zinazosafirishwa nje zilikuwa zikitozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake, au dola 160 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa sheria, asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kuliendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara. Juni 2018 Sheria ya Fedha ikabadilisha, zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga bungeni kwa nguvu, na wakashindwa. Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa Ruangwa, Lindi. Mawaziri wanawajibika kwa pamoja, Katiba inasema hivyo. Baraza la Mawaziri likishaamua, waziri anautetea uamuzi hata kama unagusa shamba la mamaye.

Basi nguvu yake iko wapi? Iko kwenye karatasi ambazo hazipigiwi vigelegele: kanuni, mwongozo wa mauzo wa kila msimu, makato yanayoruhusiwa kwa kila kilo, mapendekezo ya kodi kabla bajeti haijasomwa. Mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mabadiliko ya namna hiyo yanamfikia kila mkulima, aliyekwenda mkutanoni na asiyekwenda.

Halafu kuna salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho ikianza kutoa maua, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, huyavamia yakawa kama yamemwagiwa unga wa muhogo. Maua yanakauka, yanapukutika. Salfa ya unga inatakiwa iwe mkononi mwa mkulima kabla ya hapo. Ikichelewa mpaka Agosti, kilo nyingi zimeshapotea, na bei nzuri ya Oktoba haiwezi kuzirudisha. Kwa hiyo waziri akija Mei, kabla ya kumwomba barabara, muulizeni salfa ipo ghala gani na itafika kijijini tarehe ngapi.