Hapana, pesa yako ya uzeeni haijaenda kwa mwanasiasa

Mama mmoja, muuguzi wa zamu za usiku hapa Brooklyn Park, Minnesota, alinisubiri nje ya kanisa akiwa ameshika simu. Alikuwa ametumiwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Msemaji, ambaye mama hamjui na mimi simjui, anaapa kwamba makampuni ya ushauri wa fedha yana kitu kinaitwa PAC (kwa kirefu political action committee, yaani kamati ya kuchangia siasa), kwamba PAC ni mfuko wa kuwahonga wabunge wa Washington, na kwamba hela inayoingia humo inanyofolewa kwenye 401(k) za watu, yaani akaunti za akiba ya uzeeni za kazini, "mkiwa mmelala". Anamalizia na kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, niitoe yote?"

Ana miaka 54. Akaunti yenyewe ni ya mwajiri wake wa zamani, kwa hiyo angeweza kweli kuitoa, akatwe kodi ya mapato, na juu yake adhabu ya asilimia 10 kwa kuwa hajafika miaka 59 na nusu. Kisa, sauti ya dakika nne. Na huyu ni wa nne mwaka huu. Kazi yangu ni kuhakikisha washauri wa fedha wanafuata kanuni, zikiwemo kanuni za michango ya siasa, na uvumilivu umeniishia. Naandika mara moja, wa tano nimtumie hii.

"PAC inachota kwenye 401(k) yako, au angalau kwenye hazina ya kampuni"

Tangu mwaka 1907, kwa sheria iitwayo Tillman, kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho hela kutoka kwenye hazina yake. Iwe kampuni ya watu watatu au ya watu laki moja, haiwezi kumwandikia mgombea ubunge wa Washington hundi hata ya dola moja. (Majimbo yana sheria zake. Virginia kwa mfano inaruhusu kampuni kumchangia mgombea wa jimbo moja kwa moja, bila kikomo. Hapa nazungumzia Washington.)

PAC za makampuni zimetokana na mlango huo uliofungwa. Kampuni inaruhusiwa kuanzisha mfuko wa pembeni na kulipia uendeshaji wake: karani, programu ya kompyuta, wakili. Lakini hela inayomfikia mgombea lazima iwe imetoka kwenye mifuko ya watu wenyewe, kwa hiari, hasa mameneja, wenye hisa na familia zao. Mtu mmoja hawezi kuipa PAC zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. PAC nayo, ikishatimiza masharti ya kuwa na wachangiaji zaidi ya 50 na kuchangia wagombea wasiopungua 5, inaweza kumpa mgombea mmoja dola 5,000 kwa kura ya mchujo na nyingine 5,000 kwa uchaguzi mkuu. Basi. Kiwango hicho ni cha miaka ya 1970 na hakipandi na bei za vitu. Cha mtu binafsi kinapanda: kwa uchaguzi wa 2025 na 2026 ni dola 3,500. Kwa maneno mengine, PAC ya kampuni kubwa ya uwekezaji haimzidi sana daktari wako wa meno akiamua kufungua pochi.

Na 401(k)? Hela yako iko kwa mtunza mali, imetengwa na mali ya kampuni, inalindwa na sheria ya mwaka 1974 ya mafao ya wafanyakazi. Anayeichota kumpa mwanasiasa ni mwizi, na njia yake ni ya gerezani.

Hapo huwa najibiwa: "Lakini ada ninazolipa ndizo zinazomlipa meneja, naye ndiye anayechangia." Sawa. Kwa hesabu hiyo, hela yako ya nyanya ndiyo inayomnywesha bia muuza nyanya.

Ninajua tunakotoka. Tanzania takrima ilikuwa ndani ya sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, kwa hiyo wengi wetu tukisikia pesa na siasa tunaona khanga, pilau na bahasha. Lakini kinachonikera katika dhana hii si kwamba inayasingizia makampuni. Kinachonikera ni kwamba inawapeleka watu kulinda mlango mdogo kuliko yote, huku mkubwa ukiwa wazi nyuma yao.

Chukua kanuni ya Wizara ya Kazi ya Marekani iliyotaka kila anayekushauri kuhusu akiba ya uzeeni aweke maslahi yako mbele ya kamisheni yake. Ilipendekezwa mwaka 2010, ikaondolewa 2011. Ikarudi 2015, na mwaka huohuo washauri wa uchumi wa Ikulu wakakadiria kwamba ushauri wenye mgongano wa maslahi unawagharimu wenye akiba za uzeeni takriban dola bilioni 17 kwa mwaka. Sekta ilibisha hesabu hiyo na kusema wenye akiba ndogo wataachwa bila mshauri. Aprili 2016 kanuni ikapitishwa. Bunge likapiga kura kuifuta, Obama akatumia turufu mwezi Juni. Halafu Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani, pamoja na vyama vya sekta ya fedha kama SIFMA na Financial Services Institute, wakaipeleka mahakamani Texas, na Machi 2018 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikaifuta kwa majaji 2 dhidi ya 1. Serikali, ambayo ilikuwa imeshabadilika, haikwenda Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 2024 ikaandikwa kanuni mpya. Julai mwaka huohuo mahakama mbili za Texas zikaisimamisha kabla haijaanza kutumika.

Katika pigo la 2018 na la 2024, hundi ya PAC iko wapi? Yalipigwa na mawakili. Nyuma ya mawakili kulikuwa na mikutano, barua za maoni zenye kurasa mia, na watu waliozoea korido za Kamati ya Huduma za Fedha ya Baraza la Wawakilishi kama mimi nilivyozoea njia ya kwenda jikoni. Na hao, sikiliza vizuri, wanalipwa kutoka kwenye hazina ya kampuni na ada za uanachama wa vyama vya sekta. Ni halali kabisa. Laiti yule wa WhatsApp angesema hivyo, ningemwitikia. Hundi ya PAC inakuingiza kwenye hafla ya asubuhi, unakunywa kahawa na mbunge, unakumbukwa jina. Si kitu cha kupuuza, lakini dola 5,000 haziandiki sheria. Anayeandika ni yule mwenye aya iliyokwisha kuandaliwa siku karani wa mbunge anapoitafuta.

Nilikuwa upande wa ile kanuni, na kazini walijua.

Ukitaka kuchunguza, chunguza. Tovuti ya tume ya uchaguzi, fec.gov, inaonyesha kila PAC imempa nani na kiasi gani, na kila aliyechangia jumla ya zaidi ya dola 200 kwa mwaka anatajwa kwa jina, kazi na mwajiri. Andika jina la kampuni unayofanyia kazi, huenda ukamwona bosi wako. Washauri vijana, ninyi mnaotaka kuinakili orodha hiyo ili mpige simu za kutafuta wateja: ni kosa kisheria, na nimeshawaambia. Taarifa za ushawishi (lobbying), kazi ya wale watu wa korido, nazo hutolewa kila robo mwaka, na huko ndiko ningekaa zaidi.

"PAC na super PAC ni kitu kimoja"

Super PAC zilizaliwa mwaka 2010 baada ya hukumu za mahakama katika kesi za Citizens United na SpeechNow. Zinaweza kupokea hela ya hazina ya kampuni, bila kikomo, lakini haziruhusiwi kumpa mgombea wala kupanga naye. Ukisikia mamilioni, ni huko. Ukisikia elfu tano, ni PAC ya kawaida. Tofauti ni hiyo, isinipotezee Jumamosi nyingine.

"Nisipochangia nitafukuzwa"

Sheria inasema kila ombi la mchango lieleze kwamba ni la siasa na kwamba una haki ya kukataa bila kuadhibiwa. Kiwango kikitajwa, ni pendekezo tu. Mfanyakazi wa kawaida asiye meneja anaweza kuombwa mara mbili tu kwa mwaka, kwa barua inayotumwa nyumbani, si kwa bosi kusimama mezani kwake. Nasema hivyo kwa sababu sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, mkuu wa tawi alipita na karatasi yenye majina yetu na kisanduku pembeni mwa kila jina. Hakumtisha mtu, alitabasamu tu. Niliiomba ile karatasi nitoe nakala, na haikuonekana tena.

"Mchango unapunguza kodi"

Kodi ya shirikisho haupunguzi, si wa PAC wala wa mgombea. Wengine wanachanganya na kisanduku cha dola 3 kwenye fomu 1040, ile ya kodi ya mapato. Hicho hakiongezi kodi wala hakipunguzi marejesho yako, kinaelekeza dola 3 za serikali kwenye mfuko wa kampeni za urais.

"Wenye grinkadi hatuhusiki"

Mnahusika. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia mgombea na PAC ingawa hapigi kura. Aliye kwa viza ya kazi au ya masomo haruhusiwi kutoa hata dola moja, katika uchaguzi wowote, uwe wa shirikisho, wa jimbo au wa mji. Na tafadhali usimpe rafiki mwenye makaratasi hela akuchangie kwa jina lake. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza, tena mbele ya uhamiaji.

"Mshauri ni raia kama wengine, achangie anapotaka"

Hii inatoka kwa washauri wenyewe. Kanuni ya SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na washauri wa uwekezaji, ya mwaka 2010, namba 206(4)-5, inasema hivi: kiongozi wa kampuni ya ushauri, au mfanyakazi anayetafuta wateja wa serikali, akimchangia mtu ambaye cheo chake kina sauti katika kuchagua mshauri wa mfuko wa umma, kampuni haitalipwa na mfuko huo kwa miaka 2. Kazi mnaweza kuendelea kuifanya, ila bure. Hakuna haja ya kuthibitisha nia mbaya. Kinachovumiliwa ni dola 350 kwa mgombea unayestahili kumpigia kura, na dola 150 kwa usiyestahili. Sasa fikiria mshauri mwenye grinkadi: hampigii kura yeyote, kwa hiyo kila mahali kikomo chake ni 150. Hii hawaambiwi, na kila uchaguzi napata mmoja aliyetoa 300 kwenye harambee ya ndugu anayegombea kaunti. Akigundulika ndani ya miezi minne na hela ikarudishwa ndani ya siku 60, tunapumua. Angetoa 500, hata dirisha hilo lisingekuwepo.

Wanasema wagombea wa Washington hawamo. Kwa kawaida hawamo. Lakini Agosti 6, 2024 Kamala Harris alimchagua Tim Walz kuwa mgombea mwenza. Gavana wa Minnesota ni mmoja wa wajumbe wanne wa bodi ya uwekezaji ya jimbo, ile inayowekeza pensheni za walimu na watumishi wa umma. Kuanzia asubuhi hiyo, kuichangia tiketi ya urais kukawa ni kumchangia afisa wa mfuko wa pensheni. Nilituma barua pepe kwa wafanyakazi wote kabla ya chakula cha mchana. Mmoja alinijibu kwamba nina chuki na chama chake. Mwaka 2016, Mike Pence akiwa gavana wa Indiana, kanuni ilikuwa hiyohiyo, na waliolalamika walikuwa wa upande wa pili.

"Kampuni ikifunga PAC, imetoka kwenye siasa"

Charles Schwab ilifunga PAC yake Januari 2021, wiki moja baada ya vurugu za bungeni Washington, na ikasema hela iliyobaki itakwenda kwenye misaada. Vizuri. Lakini kufunga PAC hakumzuii mtu kushawishi, soma tena hapo juu.

"Ushawishi wote ni wa kumuumiza mteja"

Sheria ya SECURE ya Desemba 2019 ilisogeza umri wa kulazimika kuanza kuchota akiba kutoka miaka 70 na nusu hadi 72, na ile ya 2022 ikaufikisha 73. Sekta ilizipigania, na wazee wengi wamefaidika. Sheria ileile ya 2019 ilirahisisha kuingiza anuiti za makampuni ya bima (mikataba ya kukulipa kidogo kidogo uzeeni) ndani ya 401(k). Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeipitisha kwa kura 417 dhidi ya 3. Wewe tafuta pa kuiweka.

Yule mama sikumwacha na maelezo haya yote, asingelala kabla ya zamu. Nilimwambia asitoe hela, na amtumie mshauri wake swali moja, kwa maandishi: "Je, wakati wote, kwenye akaunti zangu zote, unawajibika kisheria kuweka maslahi yangu mbele ya yako?" Kisha aombe ile karatasi fupi ya maelezo ya uhusiano na mteja, Fomu CRS, ambayo wanalazimika kuitoa tangu 2020, aisome sehemu ya jinsi wanavyolipwa. Hili nawaambia wote, na wote huniona nawakwepa.

Jumatano alinitumia jibu. Aya tatu za shukrani kwa kuwa mteja mwaminifu, na katikati yake sentensi moja: inategemea akaunti.

Ana tatu. Jumapili tutakaa tuone ni ipi.