Kompresheni ya injini ni nini, na hupimwaje kwenye pikipiki ya theluji?

Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Mkono unagoma katikati, na pampu yenyewe inaanza kupata joto. Sasa chukua pampu kuukuu ambayo ngozi yake ya ndani imekauka. Mpini unateremka hadi chini bila ubishi, hewa inapita pembeni, na tairi haijai ng'o. Injini yenye kompresheni na isiyo nayo hutofautiana hivyo hivyo.

Vitabu vya fizikia huiita mgandamizo. Gereji huiita kompresheni, nami nitafuata gereji, maana ukimwambia fundi kwamba injini "imepungukiwa mgandamizo" atakutazama mara mbili. Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikibana hewa na petroli kwenye nafasi ndogo chini ya plagi. Cheche ikipiga, mchanganyiko uliobanwa sawasawa huwaka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini. Kinachozuia hewa isichoropoke pembeni ni ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ambazo ndizo ngozi ya pampu yetu.

Pikipiki ya theluji, ile yenye skii (mbao ndefu za kuteleza) mbele na mkanda mpana nyuma, ilipata umaarufu baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, kuileta Ski-Doo sokoni mwaka 1959. Nyingi zimetumia injini za mipigo miwili (pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja kwa kila mwako), ndugu wa zile mashine za boti ambazo wavuvi wa pwani huchanganyia oili kwenye petroli. Injini hii haina vavu kama za gari. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe huyafunga na kuyafungua ikipita. Kwa hiyo hewa haianzi kubanwa sawasawa mpaka pistoni ilipite tundu la ekzosi, la kutolea moshi, na ndiyo maana geji, yaani kipimo cha kompresheni chenye mshale, kwa kawaida husoma chini kuliko ya injini ya gari.

Kupima si kazi kubwa. Injini ipate joto kidogo, kisha izimwe. Fungua plagi zote, funga geji kwenye tundu la plagi ya silinda moja, halafu vuta kamba ya kuwashia kwa nguvu mara kadhaa, mpaka mshale ukatae kupanda zaidi. Rudia silinda ya pili. Umeme wa plagi uwe umezimwa au umepelekwa kwenye chuma cha injini, maana kwenye matundu yale unatoka mvuke wa petroli. Na wakati wote wa kuvuta, shikilia mkono wa mafuta umebanwa mpaka mwisho. Wengi hukosea hapo: kabureta ikiwa imefunga njia ya hewa, pistoni haina cha kubana, na geji itaitangaza mbovu injini iliyo nzima.

Mashine nyingi zenye afya husoma kati ya 110 na 130, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba, ingawa kila muundo una kiwango chake. Mimi lakini namba moja peke yake hainishtui. Natazama silinda zinavyolingana. Mashine yenye 116 na 118 ningeinunua. Yenye 130 na 105 ningeiacha, japo ina namba kubwa zaidi. Mafundi wengi huvumilia tofauti ya asilimia 10, na hapa ni karibu 20. Mwinuko nao una neno. Mashine inayosoma 120 usawa wa bahari itasoma kama 85 kwenye milima ya Colorado, mita 3,000 juu, bila ya kuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Hata fundi wa Nairobi hatarajii namba za Mombasa.

Silinda moja huanguka vipi? Mara nyingi ni joto, tena kwenye baridi kali! Hewa ya baridi ni nzito, na kabureta iliyopangwa kwa hali ya joto haitoi petroli ya kutosha kulingana nayo. Moto unakuwa mkali kupita kiasi, pistoni inachubuka au kuyeyuka pembeni. Ukitia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena, mshale ukiruka juu, shuku ringi na silinda. Usipotikisika, shuku gasketi (kizibo chembamba) ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, au pistoni iliyotoboka. Mimi ningefungua ekzosi kwanza nimulike kwa tochi: mikwaruzo ya pistoni huonekana kwa macho.

Kuna ugonjwa mmoja ambao geji hii haiuoni. Kwenye mipigo miwili, hewa hubanwa pia chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni. Sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa kupita kandoni mwake, zikichoka, injini huvuta hewa ya wizi na kujichoma, ilhali juu unasoma 120 safi kabisa. Kwa hilo matundu yote huzibwa, hewa hupulizwa ndani, na fundi hupaka maji ya sabuni akitafuta mapovu, kama mtu anayetafuta pancha.