Kibali cha kaunti hakimfanyi mtu ajenti wa nyumba

“Lakini kampuni yake imesajiliwa!” Nimechoka kuisikia hiyo kutoka kwa wateja wanaonijia deposti ikiwa imeshayeyuka. Hapo hapo simu inatolewa nionyeshwe picha walizotumiwa kwa WhatsApp: cheti cha kampuni, PIN ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti, muhuri juu. Karatasi zenyewe mara nyingi ni halali kabisa. Ila hakuna hata moja inayomruhusu mtu kuuza au kupangisha nyumba ya mwenzake kwa kamisheni.

Cheti cha kampuni kinathibitisha kwamba kampuni ipo, basi. PIN ni ya kodi. Kibali cha kaunti amekilipia kama alivyolipia muuza viatu wa mlango wa pili. Uajenti hapa Kenya una sheria yake, Estate Agents Act (Sura ya 533) ya mwaka 1984, na bodi yake ya kusajili maajenti, EARB. Bodi humpima mtu mwenyewe, si jina la duka: amesomea nini, ana sifa gani za taaluma. Akishasajiliwa, bado anahitaji cheti cha kufanyia kazi cha kila mwaka. Kwa hiyo ukiingia ofisini ukakuta fremu ukutani, soma mwaka ulioandikwa. Cha mwaka juzi ni pambo. Halafu linganisha jina na kitambulisho cha anayezungumza nawe, na ulitafute kwenye orodha ya bodi kabla hujatuma hata shilingi. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

“Mimi sio ajenti, naonyesha tu.” Sheria imemfikia huyo pia. Kuwakutanisha mwenye nyumba na mnunuzi au mpangaji, au hata kuchukua hatua za kuwakutanisha, ni uajenti. Anayekutoza pesa ya kuonyeshwa nyumba kisha akakupandisha ngazi za fleti tatu ambazo zote “zimechukuliwa leo asubuhi” anafanya uajenti, tena mbovu. Adhabu ya kufanya kazi hii bila usajili ni faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini hiyo haitoshi kodi ya mwezi mmoja ya fleti nzuri Kilimani, Nairobi, ndiyo maana hawaogopi.

Wenye nyumba nao hudhani asiyesajiliwa ni nafuu. Nafuu ya nini? Ajenti aliyesajiliwa anatakiwa kuweka pesa za wateja kwenye akaunti iliyotengwa, mbali na za ofisi. Huyu wako anapokelea kodi yako kwenye M-Pesa yake mwenyewe, anakolipia na karo ya watoto. Naye dalali ajue kwamba mahakama zetu zimewahi kukataa kumsaidia asiyesajiliwa kudai kamisheni.

Eti hata ukiuza shamba lako mwenyewe lazima usajiliwe? La. Uajenti ni kusimama kati ya wawili.

Na ajenti, hata mwenye cheti, hakupi ripoti ya thamani ya kupeleka benki. Hiyo ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sura ya 532. Hati za kuhamisha umiliki huandaliwa na wakili. Ajenti akikwambia atakuandalia “agriment” hapo hapo ili uokoe pesa ya wakili, mwambie asante, kisha umpigie wakili.